Majani Makavu Uwanjani: Usafi wa Jumamosi kwa Sisi Tunaoishi Mpakani

Mvua za mwisho wa mwaka zinapokatika, kwa kawaida katika mwezi wa Desemba, ufagio huwa na kazi nyingi kuliko jembe katika kaya za mji wa Busia, Lumino, Majanji na vijiji vyote vinavyopakana na Kenya. Mvule hubaki matawi matupu. Mwembe na mparachichi hujaza uwanja majani usiku mmoja baada ya kufagiwa jioni. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, utasikia fagio zikiitikiana kutoka ua hadi ua, na saa chache baadaye moshi unapanda kutoka kila pembe, upande wetu na upande wa pili.

Wananchi wengine wametuuliza ni kwa nini polisi wajishughulishe na majani ya mtu. Ziko sababu mbili. Nchini Uganda kikosi cha zimamoto ni sehemu ya Polisi. Kwa hiyo moto wa majani unapomshinda aliyeuwasha, anayeitwa ni sisi. Ya pili ni kwamba katika eneo hili moto haupiti tu ua wa jirani. Unaweza kuingia nchi nyingine kabla mwenyewe hajamaliza kutafuta ndoo.

Tuanze na majani yenyewe. Katika vitabu vya shule watoto wetu husoma juu ya nchi za kaskazini ambako majani hugeuka rangi na kupukutika kati ya Septemba na Novemba. Huko mti huamrishwa na kufupika kwa mchana na kuingia kwa baridi. Sisi tu jirani na ikweta, na mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kinachoamrisha kwetu ni kiu. Mti hupoteza maji kupitia majani yake. Udongo ukikauka, kila jani huwa mdomo unaokunywa kuliko unavyolisha. Mti hurudisha ndani ya tawi sehemu kubwa ya chakula kilichokuwa katika jani, rangi ya kijani ikatoweka na njano iliyokuwa imefichika ikaonekana. Kisha tabaka jembamba huota pale kikonyo kinapoungana na tawi, na jani hukatika hapo bila kuacha kidonda.

Mvule hufanya hivyo kwa majani yake karibu yote. Mwembe na mparachichi haingoji msimu mmoja: huangusha majani yaliyozeeka kidogo kidogo mwaka mzima, na mengi zaidi wakati machipukizi yanapotoka. Mkaratusi huangusha majani na magome pia, na majani yake yana mafuta. Ndiyo mafuta yale yanayonukia tunapojifukiza kwa ajili ya mafua, na ndiyo yanayolifanya rundo la majani ya mkaratusi liwake kana kwamba limemwagiwa mafuta ya taa. Mwenye mikaratusi karibu na nyumba azingatie sana maneno yanayofuata.

Juu ya kufagia kwenyewe hatuna mengi ya kuwafundisha akina mama na vijana wa eneo hili. Tunasema tu kwamba rundo lililolala siku kadhaa livutwe kwa reki, si kwa mikono, kwani nyoka na nge hupenda kivuli chake. Na kwamba mtaro wa mbele ya nyumba usafishwe sasa, wakati umekauka, kwa sababu majani yaliyoachwa humo ndiyo yatakayorudisha maji sebuleni mvua za Machi zikianza. Kwa majirani zetu Wasabato, ambao Jumamosi ni siku yao ya ibada, kazi hii huangukia Jumapili au Ijumaa. Ni heshima kwa wengine kutowajazia moshi kanisani.

Sasa tuje kwenye moto. Uganda ina sheria ya tangu mwaka 1974 inayokataza kuchoma nyasi bila idhini. Wako wajanja wanaotujibu kwamba majani ya mwembe si nyasi. Hatubishani nao juu ya lugha. Rundo la majani ya mwembe likiwashwa hatua chache kutoka nyasi kavu za Januari, kitakachoungua baadaye ni nyasi, na baada ya nyasi ni muhogo au paa la mtu. Kuchoma nyumba ya mtu kwa makusudi na kinyume cha sheria ni kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, Uganda na Kenya vilevile. Tunajua kwamba anayechoma majani hakukusudia hayo. Lakini sheria za nchi zote mbili zinatambua pia kosa la kutumia moto kwa uzembe unaohatarisha maisha ya watu. Katika kosa hilo kuulizwa ulikusudia nini hakukusaidii sana. Utaulizwa ulichukua tahadhari gani.

Moto wa majani una hila ambayo moto wa kuni hauna. Juu huonekana umekufa, umefunikwa na jivu jeupe, na chini unaendelea kutafuna polepole bila ndimi. Unaweza kukaa hivyo usiku kucha, ukafuata hata mzizi mkavu chini ya udongo, kisha upepo wa asubuhi ukaufunua. Kwa sababu hiyo kumwagia ndoo moja juu na kwenda zako si kuuzima. Mwagia maji, pindua jivu kwa koleo, mwagia tena, kisha sogeza mgongo wa kiganja karibu na ardhi. Ukihisi joto, kazi haijaisha. Wanaoishi kandokando ya Ziwa Viktoria wakumbuke pia kwamba mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka. Moto uliouwasha saa nane ukielekea shamba lako mwenyewe unaweza kuelekea kwa mwingine baada ya jua kuzama.

Lipo jambo jingine, ambalo kila mkazi wa mpakani analijua na wachache hulitamka. Katika baadhi ya nyumba zetu, chini ya kitanda, jikoni au nyuma ya choo, mna jerikeni za petroli. Leo hatuandiki juu ya ushuru wala magendo. Hayo yana siku yake na mahali pake. Leo tunaandika juu ya uhai. Petroli hutoa mvuke wakati wote, hata katika kivuli, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Hutambaa chini kama maji yasiyoonekana, hufuata mteremko, hujikusanya katika shimo la takataka, penye majani yale yale unayotaka kuyachoma. Jerikeni inaweza kuwa mbali na kiberiti, na bado moto ukarudi nyuma kwa njia ya mvuke mpaka kwenye kifuniko kilicholegea. Mwenye kuwasha haoni chochote kinachomwonya isipokuwa harufu, na pua iliyozoea harufu hiyo haimwambii kitu.

Kwa hiyo nyumba yenye petroli isichome majani kabisa, wala ya jirani yake isichome. Na asiwepo mtu wa kumwagia rundo la majani petroli ili liwake haraka. Anapowasha kiberiti, kinachoshika kwanza si rundo. Ni hewa inayomzunguka yeye. Moto wa petroli usimwagiwe maji, kwa kuwa petroli huelea juu ya maji na kusambaa nayo. Tumieni mchanga mkavu au udongo. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila kupakwa dawa ya meno, mafuta wala unga, kisha apelekwe kituo cha afya. Tunaomba pia kazi ya kuwasha isiwe ya mtoto. Desemba shule za Uganda na za Kenya zimefungwa, watoto wapo nyumbani, na wazazi wengi hugawa kazi hivi: mkubwa afagie, mdogo akachome. Mdogo ndiye asiyefaa.

Moto ukivuka mpaka, mambo huwa mazito kwa namna ambayo wenzetu wa wilaya za ndani hawaijui. Mpaka huu haukuwa hapa siku zote. Hadi mwaka 1902 nchi iliyo mashariki yetu, hadi kufika Naivasha, ilihesabiwa kuwa mkoa wa Uganda. Mwaka huo ikahamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta pande zote mbili. Ndiyo maana jirani wa ng'ambo mara nyingi ni shemeji, mjomba au mtu mliyesoma naye, na mwembe wa mmoja huangusha majani katika nchi mbili bila kuomba ruhusa.

Lakini gari letu la zimamoto halivuki kama jani. Upande wa Kenya zimamoto iko chini ya serikali ya kaunti, si chini ya polisi, na gari la nchi moja haliingii nchi nyingine mpaka wakubwa wa pande zote wamezungumza. Askari wetu naye hawezi kuvuka kwenda kumkamata mtu wala kuandikisha maelezo yake. Aliyeunguliwa na mihogo upande wa Kenya hulazimika kupeleka malalamiko yake katika kituo cha kwao. Kituo hicho huwasiliana na sisi. Sisi humtafuta aliyewasha. Siku hupita. Baraza la LC la kijiji, ambalo kwa sheria ya mwaka 2006 husikiliza mashauri madogo kama ya uharibifu wa mali, haliwezi kumwita mkazi wa Kenya aje kujibu. Katika siku hizo za kungoja, hasira haingoji. Tumeona ugomvi ulioanza kwa moshi ukaishia kwa mapanga, na waliokuwa wakilipana mahari wakawa hawapitiani tena mlangoni.

Njia tunayoiona kuwa na faida ni ya kuwahi. Kaya zinazotazamana kwenye mpaka zipeane namba za simu sasa, kabla ya upepo wa Januari. Mwenyekiti wa LC wa upande huu na mzee wa kijiji wa upande ule, pamoja na naibu chifu wake, wakubaliane siku moja tu ya kushughulikia takataka ambazo haziwezi kuozeshwa, ili moshi usionekane kuwa uchokozi. Maafisa wetu wa polisi jamii wako tayari kuhudhuria vikao hivyo, na hawaji kutafuta jerikeni siku hiyo.

Kuhusu simu, kuna tahadhari moja. Simu iliyo karibu na mpaka hushika mtandao wa upande wowote wenye nguvu, na namba za dharura 999 na 112 zinatumika Uganda na Kenya pia. Inawezekana unayemwita ni ofisa wa nchi nyingine, na miji yote miwili inaitwa Busia. Basi neno la kwanza lisiwe "kuna moto." Taja kwanza nchi, kisha kijiji, kisha kitu kinachojulikana karibu na hapo: kanisa, kisima, kituo cha bodaboda. Hifadhi pia namba ya kituo cha polisi kilicho karibu nawe, kwa kuwa hiyo haina utata.

Je, majani yaende wapi kama hayachomwi? Tumezungumza na maofisa kilimo na na wakulima wenyewe, na jibu lao ni kwamba mtu anayechoma majani anachoma mbolea. Mti haukukirudisha chote ndani ya tawi. Kilichobaki katika jani ni haki ya udongo. Njia rahisi ni kuyatandaza chini ya migomba na mibuni, kimo cha kiganja, ukiacha nafasi ya shubiri moja kuzunguka shina ili lisioze. Udongo uliofunikwa hivyo hukaa na unyevu wiki nyingi baada ya udongo mtupu kupasuka. Majani ya mwembe ni magumu. Yakatekate kwanza kwa panga. Ya mkaratusi huoza polepole na hayafai kwenye vitalu vya mboga.

Anayetaka mboji ajenge rundo lenye kimo na upana wa mita moja hivi: tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi au mabaki ya jikoni, samadi kidogo, maji ya kulowesha, na tena. Alipindue kila baada ya wiki mbili. Rundo hilo litapata joto ndani na asubuhi litatoa mvuke. Usiogope, wala usituitie zimamoto. Ni dalili kwamba linaiva. Baada ya miezi mitatu au minne, ikitegemea unyevu, utashika udongo mweusi usionuka. Rundo lisiegemee ukuta wa nyumba, kwa sababu ya mchwa.

Majani ya migomba yana sharti lake. Mnyauko wa migomba uligunduliwa nchini Uganda mwaka 2001 na baadaye ukafika magharibi ya Kenya, na miongoni mwa njia zake za kusafiri ni mabaki ya mgomba mgonjwa na panga lililomkatia mwenzake mzima. Mgomba ulionyauka usitoe matandazo ya shamba lingine, na usivushwe mpaka kwa namna yoyote, hata kama ni zawadi ya chakula cha mbuzi.

Na kwa kuwa tumetaja kuvusha: wako wanaokusanya majani au mboji katika mifuko ya plastiki na kuwapelekea ndugu ng'ambo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni kali. Tumieni gunia. Mifuko hiyo isichomwe pamoja na majani pia. Moshi wake hukaba watoto na wenye pumu, na nyumba ya tatu toka kwako hupata sehemu kubwa kuliko wewe.

Mti wa jirani unaoangushia majani yake kwako huleta kesi nyingi kuliko mtu anavyodhani. Ushauri wetu ni mfupi. Usikate tawi usiku, na usiyarudishe majani juu ya ukuta kwa beleshi. Mwendee mwenye mti mchana, ukiwa na mtu mzima wa kushuhudia, mkubaliane nani apunguze matawi na nani achukue kuni. Ikishindikana, nendeni LC.

Tunamalizia na jambo la wizi, kwa sababu Krismasi inakaribia na wengi watafunga nyumba kwenda kwa wazazi. Uwanja uliojaa majani ya siku nne humwambia mpita njia kwamba ndani hakuna mtu. Mwizi husoma uwanja kabla hajasoma kufuli. Kabla ya kusafiri, mwombe jirani unayemwamini awe anafagia mbele ya mlango wako kila baada ya siku mbili, nawe umfanyie vivyo hivyo zamu yake ikifika. Wazee wetu walikuwa wakifagia jioni, si asubuhi tu, na haikuwa kwa ajili ya usafi pekee. Ardhi iliyofagiwa jioni hushika kila unyayo wa usiku: umetoka wapi, umesimama dirisha gani, umeondoka na mzigo au mikono mitupu.

Ubaya ni kwamba tukifika kwenye nyumba iliyovunjwa, mara nyingi tunaukuta uwanja umeshafagiwa. Mama mwenye nyumba ameona aibu kupokea wageni katika uchafu, na majirani waliokuja kutoa pole wamekanyaga kilichobaki. Nyayo za mwizi zimo ndani ya rundo la majani, na mbwa wa polisi hana pa kuanzia. Tafadhalini, ukiamka ukakuta mlango umevunjwa, weka ufagio chini. Wazuie watu wapite upande mmoja tu. Ukiona unyayo ulio wazi, ufunike kwa karai au beseni ili upepo na kuku wasiuharibu, na usiushike tena. Kisha piga simu kituoni, utaje nchi kwanza, na utungoje. Karai lako litarudishwa.